Jibu kwa mleta uzi: utabiri wa hali ya hewa kwa mashindano ya mitumbwi Kigoma

Mkuu mleta uzi, umesema kamati yenu inaandaa mashindano ya mitumbwi ya siku mbili mwezi wa nane, kutoka Kibirizi, kuzunguka rasi ya Bangwe hadi Ujiji. Umesikia Olimpiki ya majira ya baridi huweka watabiri kwenye milima yenyewe, unauliza kama nanyi mnahitaji kitu cha namna hiyo au programu ya simu inatosha. Wachangiaji wa juu wamesema inatosha. Haitoshi, ila bajeti ya Olimpiki hamuihitaji.

Kwanza wekeni kikomo, utabiri baadaye. Mkiambiwa "upepo wa wastani hadi mkali", mwenyekiti atafanya nini na maneno hayo? Kaeni na wapiga kasia wa mitumbwi ileile itakayoshindana, sio manahodha wa boti za injini, waseme ni upepo gani unaanza kuwaingizia maji. Halafu andikeni namba. Kwa mfano: hadi kilomita 20 kwa saa, mbio kama kawaida, 20 hadi 28, mitumbwi midogo inabaki mwaloni na njia inaishia ndani ya ghuba, zaidi ya 28 hakuna kuanza. Hiyo ni mifano tu, za kwenu zitatoka kwa wavuvi wenu. Msizipange kwa kukisia, maana kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne.

Kikomo kiwe na mtu mmoja wa kukisimamia, naye asiwe anayeshika fedha za wadhamini. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang, Korea Kusini, 2018, mashindano ya wanawake ya kuruka kwa ubao wa theluji yaliachwa yaendelee kwenye upepo mbaya tarehe 12 Februari, wanamichezo wengi wakaanguka, na lawama zikawa nyingi. Upepo haukuwa siri kwa mtu yeyote: siku moja kabla, hatua ya mchujo ilikuwa imefutwa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa mahali. Ghuba ya Kigoma inadanganya. Kusi ikivuma, Bangwe inaikinga, na ukisimama bandarini unaona maji yametulia kama ya kwenye beseni. Ukipita ncha ya rasi unakutana na ziwa linaloendelea kusini zaidi ya kilomita 400 hadi Mpulungu, Zambia, na mawimbi yamekuwa yakikua njia nzima. Yanaweza kufika hata kama upepo wa pale ulipo ni mdogo. Ndiyo shida iliyowasumbua Whistler, Kanada, kuelekea michezo ya 2010: bondeni hakuna wingu, kileleni hakuna wingu, ila wingu limekaa katikati ya mlima penye njia ya mbio. Dawa ilikuwa kuweka vipimo kwenye njia yenyewe.

Programu ya simu haioni Bangwe. Hata mojawapo ya modeli bora za dunia (programu za kompyuta zinazokokotoa utabiri), ile ya kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya, inagawa dunia kwa vipande vya takriban kilomita 9. Kwa ziwa lenye upana wa wastani wa kilomita 50, ghuba yenu imemezwa ndani ya kipande kimoja pamoja na kilima. Na namba za uwanja wa ndege ni za nchi kavu, huko juu mbali na maji. Programu itumieni kujua mwelekeo wa wiki, basi.

Vipimo vitatu vinatosha: Kibirizi, ncha ya Bangwe, na boti moja penye kona ya njia. Bangwe simamisheni bomba la mita 10 lililofungwa kwa waya pande tatu, maana hicho ndicho kimo cha kawaida cha kupimia upepo duniani. Liwe mbali na mti au nyumba, angalau mara kumi ya urefu wa kizuizi hicho. Kwenye boti tumieni kipima upepo cha mkononi. Kikishikwa mita 2 juu ya maji wazi husoma pungufu kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo msilinganishe na cha Bangwe bila kurekebisha. Mpimaji aelekee upepo, anyooshe mkono, asijifiche nyuma ya kibanda cha boti. Asome wastani wa dakika 10, kisha aandike pembeni mpigo (upepo wa ghafla) mkubwa kuliko yote. Mpigo ndio unaopindua mtumbwi, wastani hauna kosa.

Wimbi lipimwe kwa macho, lakini kwa kanuni. Pima kwanza kimo cha jicho lako juu ya maji ukiwa umekaa ndani ya boti, tuseme sentimita 80. Boti ikiwa kwenye bonde la wimbi, kama kilele cha wimbi la jirani kinafunika upeo wa macho, wimbi limezidi sentimita 80. Bila kipimo hicho, kila mtu ana wimbi lake.

Anzeni kuandika mwezi mzima kabla, kila nusu saa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni. Asubuhi mara nyingi upepo hutoka nchi kavu, baadaye hugeuka ukatoka ziwani. Saa ya kugeuka ndiyo mnayoitafuta. Ikishaonekana kwenye daftari, saa ya kuanza mbio inajipanga yenyewe.

Makosa yanayoharibu kazi ni mawili, yote ya kijinga. La kwanza ni vizio vya kasi. Namba 12 ikiwa mita kwa sekunde ni kilomita 43 kwa saa. Ikiwa noti (maili za baharini kwa saa) ni 22. Ikiwa kilomita ni 12. Siku moja ileile inaweza kuwa ya kufuta mbio au ya kufulia nguo. Chagueni kilomita kwa saa, kama tahadhari za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) zinavyoandikwa, na kila kifaa kibadilishwe.

La pili ni saa. Modeli zinaandika saa ya dunia (UTC), sisi tuko saa tatu mbele, na tunahesabu Kiswahili. 06 ya modeli ni 09:00 ya simu, ambayo ni saa tatu asubuhi. Atakayeisoma 06 kama alfajiri, au 09:00 kama saa tisa, amewapa wanamichezo hali ya hewa ya wakati mwingine kabisa. Ubao wa mwaloni uandikwe "saa 3 asubuhi", kwa maneno, basi.

TMA waandikieni mapema, mkiambatanisha vikomo vyenu na ramani ya njia, na muulize gharama ya utabiri mahsusi. Tahadhari rasmi ni zao. Kamati isitangaze ya kwake. Ratiba ya maamuzi iwe hivi: siku tano kabla, mnaangalia mwelekeo tu, jioni ya kuamkia mbio, mnachagua njia ndefu au fupi, saa moja na nusu kabla ya kuanza, namba za Bangwe na za boti ndizo zinazoamua.

Na wekeni siku ya akiba, iandikwe kwenye mkataba wa vyombo vya uokoaji na malazi tangu mwanzo. Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, mbio za wanaume za kuteremka mlima kwa ski zilipangwa tarehe 8 Februari zikafanyika tarehe 13. PyeongChang zikatoka tarehe 11 hadi 15. Beijing 2022 zikasogea siku moja. Wote walikuwa na watabiri wazuri, ila upepo na theluji havikusoma ratiba.

Mkisogeza tarehe hadi Novemba, mtakuwa mmeingia kwenye mvua na radi, na vikomo vinabadilika. Hesabuni sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo: chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, mitumbwi yote irudi. Hairuhusiwi kutoka tena hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Na wingu jeusi likikaribia msisubiri tone la kwanza, maana upepo wake hutangulia mvua.