Sambusa Getini: Majibu kwa Wanaobeba Chakula Kwenda Viwanja vya Burudani

Shule za Marekani zikikaribia kufungwa, familia zetu zilizoko huko huanza kupanga safari za Orlando, Florida, kwenye viwanja vya burudani. Basi barua zinazonifikia huacha kidogo mambo ya karo na mawifi, zikageukia hotpoti na chapati. Nimekusanya chache nizijibu pamoja. Kanuni za viwanja hivi hubadilishwa bila kupigiwa mtu simu, kwa hiyo wiki ile ya safari fungua tovuti ya kiwanja chako usome mwenyewe.

Tunatoka Columbus, Ohio, watu sita kwenye gari moja, tunakwenda Walt Disney World. Mume wangu anasema chakula kitatupwa getini. Ni kweli? (Mama wa wanne)

Mwambie shemeji atulie. Walt Disney World ya Florida na Disneyland ya California zote zinaruhusu mgeni kuingia na chakula chake, mradi ni cha kula mwenyewe na si cha kuuza. Yapo masharti. Vyombo vya kioo haviingii, isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha watoto wachanga. Pombe haiingii. Chakula cha kupashwa moto hakifai, maana hakuna atakayekupashia. Boksi la barafu lisizidi sentimita 61 kwa urefu, 38 kwa upana na 46 kwa kimo. Barafu ya vipande imepigwa marufuku tangu 2019, pamoja na vile vigari vya kuvuta ambavyo familia kubwa hupenda kupakia watoto na mizigo. Tumia vifuko vya jeli vinavyogandishwa kwenye friza.

Kuna sharti moja linalotuhusu sisi kuliko wengine: vyakula vyenye harufu kali hawavitaki. Dagaa wa kukaanga na ng'onda, hata wakiwa wamefungwa kwenye foili mara tatu, waacheni kwenye nyumba mliyopanga. Na ile chupa ya chai yenye maua, ya tangu enzi za bibi, mkumbuke kwamba ndani yake kuna kioo. Chukueni ya chuma.

Kisu pia hakipiti. Maembe na matikiti yakatwe nyumbani, yawekwe kwenye kontena la plastiki. Vyakula vyote vikae kwenye begi moja, ili mkifika kwenye ukaguzi mlifungue hilo tu badala ya kumwaga kila kitu mezani huku foleni nyuma yenu ikiguna.

Nataka kupika pilau la nyama, nilibebe kwenye hotpoti tule saa saba mchana. Wanangu bila wali hawajala. (Mama Houston)

Pilau lako nalipa heshima zake, lakini lile usiku mkirudi. Sababu ya kwanza ni afya. Mchele hubeba vimelea vya bakteria aitwaye Bacillus cereus, na vimelea hivyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha tena haiondoki. Kanuni ya usalama wa chakula ya Marekani inasema chakula cha kuharibika kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi iwe saa moja tu. Orlando ya mwezi wa saba hupita hapo mapema. Utaniambia hotpoti lako linatunza moto. Linatunza, ndiyo, likijazwa chakula cha moto sana na lisifunguliwe. Lakini watoto watataka kuonja saa nne, halafu saa tano na nusu, na hapo kilichobaki kitakuwa kimeshuka chini ya nyuzi 60, joto ambalo bakteria hao wanalipenda.

Sababu ya pili ni kero tu. Pilau linataka sahani, vijiko, maji ya kunawa na mahali pa kukaa watu wote. Chakula cha safari kama hii kinapaswa kuliwa kwa mkono mmoja, umesimama, mkono mwingine umeshika kigari cha mtoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Chapati zipike jana yake, zipoe kabisa, uzipake siagi ya karanga na kuzikunja na ndizi katikati. Hizo hazihitaji barafu na zinashibisha. Ukitaka za mayai, sawa, lakini zikae na vifuko vya jeli na ziwe za kwanza kuliwa. Maandazi yanavumilia siku nzima ukiyafunga baada ya kupoa. Ukiyafunga ya moto yatatoa jasho na kulegea. Sambusa tia dengu au viazi. Watu watanibishia hapa, lakini sambusa ya nyama iliyolala kwenye barafu mafuta yake huganda, ukiing'ata unatafuna nta. Ongeza karanga zenye chumvi, kwa sababu watoto watatoka jasho sana, na machungwa au zabibu.

Maji msibebe galoni. Jioni gandisheni chupa chache, zijazeni robo tatu tu zisije zikapasuka, mziweke pembeni mwa chakula. Zitakipoza hadi mchana, kisha mtazinywa. Zikiisha, nendeni kwenye mgahawa wowote wa Disney unaouza soda za mashine, ombeni maji ya barafu. Wanatoa vikombe bure. Watu wengi hawajui, wananunua chupa moja baada ya nyingine mpaka jioni.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 16, niko Minneapolis. Mama anataka tubebe chapati na mayai ya kuchemsha, na rafiki zangu wawili tunakwenda nao. Naona haya. Nimwambieje?

Marahaba mwanangu. Kuhusu chapati usimwambie kitu. Saa sita hadi saa nane mchana foleni za migahawa huwa ndefu kama za rolakosta. Nyinyi kaeni kivulini saa tano, kuleni upesi, mwondoke. Hao rafiki zako watakapoona wenzao wamesimama juani wakisubiri baga, watauliza kama chapati zimebaki. Mwambie mama aongeze mbili.

Kuhusu mayai, hapo niko upande wako. Yai la kuchemsha likimenywa kwenye joto kila mtu aliye karibu anajua. Mwombe mama ayaache, na umwombe kwa upole, maana yeye ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri.

Siku ya pili tunakwenda Universal. Kanuni ni hizohizo? Na sisi ni Waislamu, nyama isiyo halali hatuli. (Baba wa Dallas)

Si hizohizo, na hapa ndipo wengi hukwama. Universal Orlando inaruhusu maji ya chupa, vitafunio vidogo, chakula cha mtoto mchanga, na chakula cha mtu mwenye mahitaji maalumu ya lishe au ya kiafya. Boksi la barafu hawalitaki. Kinachopita ni kibegi laini kidogo cha kutunza ubaridi. Six Flags, kampuni nyingine ya viwanja vya burudani, ni wakali zaidi: chakula cha nje hakiingii isipokuwa cha watoto wachanga na cha wenye mizio au mahitaji maalumu ya lishe.

Kwa suala la halali, usisubiri kubishana na kijana wa getini ambaye kazi yake ni kufuata karatasi aliyopewa. Piga simu ofisi ya huduma kwa wageni siku chache kabla, eleza, uliza jina la anayekujibu, liandike. Chakula chenyewe kionekane ni cha watu waliopo: vifuko vinne vya watu wanne. Ukifika na sufuria la futari hutaeleweka. Kwa upande wa Disney hofu hiyo haipo, kwa kuwa chakula chako kinaingia bila maelezo. Kama mmepanga siku moja tu na chakula ndilo jambo linalowasumbua, mimi ningechagua Disney.

Mwanangu ana miezi kumi, anakula uji wa lishe na viazi vya kuponda. Nitaupasha wapi? (Mama mdogo, Atlanta)

Kila kimoja kati ya viwanja vinne vikuu vya Walt Disney World kina kituo cha kuhudumia watoto wachanga. Mna vyumba vya kunyonyeshea, viti virefu vya kulia, meza za kubadilishia nepi na jiko dogo lenye maikrowevu. Usiulize "wapi pa kupasha moto chakula", utaelekezwa mgahawani. Uliza Baby Care Center. Uji ubebe mzito kidogo, kwenye kikopo cha plastiki chenye ubaridi, uulainishe hapohapo kwa maji ya moto. Na tafadhali usiingie na kontena la ubwabwa wa baba mtu ukisema ni la mtoto.

Je, tukiacha chakula kwenye gari, tutoke mchana tule, turudi? (Kijana wa Lexington)

Inategemea mko kiwanja gani cha Walt Disney World. Kutoka na kurudi siku hiyohiyo kunaruhusiwa. EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom maegesho yako karibu na lango, mnaweza. Magic Kingdom sahau. Maegesho yake yako ng'ambo ya ziwa, na kutoka langoni ni lazima upande treni ya monoreli au kivuko. Kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri, mtapoteza sehemu nzuri ya mchana mliyoilipia zaidi ya dola mia kwa kila kichwa. Halafu gari lililofungwa juani ni tanuri. Kama lazima, acheni ndani ya gari vikavu tu.

Kwa nini wengine wakatae chakula changu wakati tiketi nimelipa? Si uchoyo huu? (Msomaji wa Nairobi)

Uchoyo upo. Mgahawa ndani ya geti hauna mshindani, na faida ya soda na viazi si ndogo. Ila desturi yenyewe haikuanza hivyo. Viwanja vingi vya zamani vya Marekani vilijengwa na kampuni za tramu zilizotaka abiria wa Jumamosi na Jumapili. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianzishwa hivyo mwaka 1898: nauli ndiyo iliyokuwa biashara, na watu walikuja na vikapu vyao wakakaa chini ya miti. Hadi leo kuna Knoebels, Pennsylvania, ambako kuingia ni bure, kuegesha ni bure, na kikapu chako kinakaribishwa. Unalipia michezo unayopanda tu. Familia ya Kiafrika yenye watoto saba ikiniuliza pa kwenda kule mashariki ya Marekani, huwa naitaja Knoebels kabla ya Orlando.

Nje ya Marekani hali ni mchanganyiko. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa 1983, haikubali chakula cha kubeba. Wametenga eneo la kulia nje ya lango. Shanghai Disneyland nayo ilikataza, mpaka Januari 2019 mwanafunzi mmoja wa sheria alipofika na vitafunio vya yuani 46 na senti kidogo, akapekuliwa begi na kukataliwa. Wengine wangekula vile biskuti palepale wakanung'unika wakiingia. Yeye alikwenda mahakamani. Septemba mwaka huohuo pande mbili zilikubaliana, akalipwa yuani 50, na kiwanja kikabadilisha kanuni: chakula kinaingia, isipokuwa cha kupashwa moto, cha kuhifadhiwa kwenye baridi, au chenye harufu kali. Kwa hiyo ndugu yangu, kulalamika kuna faida, ukilalamika mahali panapostahili.

Tuko Tilburg, Uholanzi. Kiwanja cha Efteling wanaruhusu? Na tunaweza kutandika mkeka? (Familia ya Bujumbura)

Wanaruhusu, na mtajikuta hamko peke yenu. Waholanzi wenyewe huja na mikate yao ya jibini kwenye vikontena, na hakuna anayemwangalia mwenzake. Mkeka si lazima, meza za kulia zipo nyingi. Takataka wapeni watoto wakatupe. Tangu miaka ya hamsini Efteling ina sanamu la jitu nene liitwalo Holle Bolle Gijs, linaita watoto "papier hier", yaani karatasi hapa, linavuta karatasi kinywani kisha linashukuru. Jihadharini: watoto wakilipenda wataanza kuomba karatasi safi za kulilisha.

Nakuja Florida kutoka Arusha mwezi wa nane kumwona dada. Anataka nimletee sambusa za nyama na kashata za kula huko Disney. Zitapita uwanja wa ndege? (Kaka mtu)

Za nyama hazipiti. Marekani hairuhusu bidhaa nyingi za nyama kutoka kwetu, zilizopikwa pia, na hata ukizifunga vipi mbwa wa forodha anazijua. Kashata na karanga za kukaanga kwa kawaida hazina tatizo, ila zitangaze. Kwenye swali la kama umebeba chakula jibu ndiyo, hata kama ni pakiti moja. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000, wakati aliyetangaza kitu kilichokatazwa kwa kawaida hunyang'anywa tu akaenda zake. Unga wa ngano na dengu dada ataupata Florida. Mbebee iliki, ya kusagwa.