Utalii si mada ya fasihi? Majibu ya aliyetembeza wageni Lamu miaka tisa

Ndugu mleta mada, unauliza kama inafaa kuipigania tasnifu yako ya utalii na fasihi ya Kiswahili, maana msimamizi wako amekwambia utalii uupeleke idara ya biashara. Nami niliambiwa hivyohivyo nikisoma shahada ya pili. Nilikubali, nikaandika kuhusu vina na mizani. Kisha nikarudi nyumbani Lamu, nikatembeza wageni kwa miaka tisa, na huko ndiko nilikoiona mada niliyoiacha. Ipiganie.

Nianze na vidaka, ambavyo sisi Lamu twaviita zidaka. Aliyewahi kuingia nyumba kongwe ya huku anavijua: ukuta wa ndani wenye vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, safu juu ya safu. Wageni hupiga picha hapo kuliko mahali pengine popote, na kila mtembezaji ana maelezo yake. Mimi nilikuwa nikisema ni pambo la ukuta, kwa kuwa ndivyo nilivyomsikia aliyenifunza kazi. Siku moja mgeni, mama mtu mzima, akaniuliza: "Ndani yake walikuwa wakiweka nini?"

Jibu nilikuwa nalo tangu darasani, ila sikuwahi kulihusisha na ukuta wowote. Limo katika utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiueleza mji wa Pate ulioporomoka, kisiwani jirani na Lamu, anataja vidaka hivyohivyo: palipopangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Utenzi una umri wa miaka 200 hivi, na mimi nilikuwa nimeufanyia mtihani bila kujua kwamba unaeleza ukuta wa sebule ya bibi yangu.

Tangu hapo nikaanza kuwapeleka wageni wachache Pate kwenyewe. Boti hupita mlangobahari wa Mkanda maji yakijaa, unashuka Mtangawanda, kisha ni mwendo wa miguu wa kama saa moja. Mji wa kale wa Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, leo ni kuta za matumbawe zilizosimama nusunusu, na katikati yake watu wamelima tumbaku. Nikasimama kwenye ukuta mmoja nikasoma beti za nyumba zilizobaki tupu, popo wakining'inia juu. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia akaacha jembe. Nilipokwama, akaendelea yeye kwa moyo, beti tatu au nne bila kusita. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, hapo hasemi na nyumba. Asema na moyo wake."

Neno hilo ndilo ningeliandikia tasnifu nzima. Mimi nilikuwa nimeugeuza utenzi kuwa maelezo ya magofu, kitu cha kumfurahisha mgeni aliyelipa nauli ya boti. Mwenyewe Sayyid Abdalla aliyataja magofu ili auamshe moyo wake uache kughurika na dunia. Utalii uliukata utenzi nusu, ukabakiza mandhari, ukaacha mawaidha. Aliyeukata ni mimi, mwenyeji tena msomi wa fasihi. Hilo lilinichoma, na bado linanichoma.

Utaelekezwa kwa Dean MacCannell, mwanasosholojia wa Marekani ambaye tangu 1973 aliandika kwamba mtalii hutafuta uhalisi, na wenyeji humwandalia uhalisi huo kama jukwaani. Msome, atakufaa. Lakini mzee wa Pate hakuwa jukwaani. Alikuwa shambani kwake, na utenzi ulikuwa wake kabla ya sisi kufika. Nadharia inayomtazama mtalii peke yake haimwoni mtu huyu. Anayeweza kumwona ni mwanafunzi wa fasihi.

Pima pia na Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani na zikachapishwa 1886. Wasomaji aliowalenga walikuwa watu wa Ulaya, akawaeleza kasri, mavazi, vyakula, maisha ya wanawake wa nyumba ya Sultani. Ndiyo maana maandishi yake yanaingia kwa wepesi katika matembezi ya watalii: tayari yanazungumza na mgeni. Al-Inkishafi haizungumzi na mgeni hata kidogo. Linganisha hizo mbili, uliza kila moja ilimwandikia nani na leo inasimuliwa kwa nani. Hapo utakuwa na swali la utafiti ambalo idara ya biashara haina vifaa vya kulijibu.

Kwa msimamizi, tumia lugha ya fani yake. Mwambie mtembeza wageni ni fanani, watalii ni hadhira, na maelezo yake ni utendaji wa fasihi simulizi unaobadilika kila siku kwa kutegemea nani yuko mbele yake. Rekodi watembezaji kwa idhini yao, mtu yuleyule mara tatu au nne na makundi tofauti, ukaone nini anaongeza na nini anaficha. Walipe muda wao; wanaishi kwa siku. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo kuta zina wa kuzisemea. Maelezo yanayosemwa mbele ya kuta hizo sijaona wa kuyapima, nami nimeyasikia yakipotoka mwaka baada ya mwaka. Na kama husomi hati za Kiarabu, anza sasa, kwa sababu tenzi hizi ziliandikwa kwa hati hizo.

Ukiamua kuja Pate, niandikie faragha nikuunganishe na nahodha. Uliza saa za maji kabla ya kitu kingine, maana yakipwa Mkanda haupitiki, na yule mzee huondoka shambani jua likikaribia utosi.