Jibu kwa aliyeuliza: kocha wa ngumi wa chuo anajengaje timu ya ushindi?

Umekabidhiwa klabu ya chuo na umeuliza John Walsh wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwezaje kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 8 (1939, 1942, 1943, 1947, 1948, 1952, 1954 na 1956). Anza na hesabu ya muda, ndiyo inayowashinda makocha wengi. Bondia wa chuo unakaa naye miaka minne. Toa likizo, toa mitihani, na wengi wanafika hawajawahi kuvaa glovu. Walsh alifundisha tangu miaka ya 1930 hadi 1958, na katika sehemu kubwa ya kipindi hicho alikuwa pia mwanasheria mjini Madison, kwa hiyo hakuwa na saa nyingi kukuzidi. Unachotanguliza kufundisha ndicho kinachoamua.

Tanguliza miguu na kinga. Wiki nne za mwanzo asipigane na mtu. Chora mstari wa chaki sakafuni: mguu wa mbele upande huu, wa nyuma upande ule, upana wa mabega, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Anayesimama na miguu yote miwili juu ya mstari, msukume bega taratibu uone anavyoyumba.

Kisha ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele. Kosa la wanafunzi karibu wote liko kwenye kuurudisha mkono: unashuka hadi kifuani kabla ya kufika shavuni, na hapo konde la kulia la mpinzani linapita bila kizuizi. Kumpigia kelele "inua mkono!" hakusaidii. Shika pedi mbili za kupigia ngumi, moja kila mkono. Ya kwanza apige, na kila akirudisha chini mguse shavu kwa ya pili. Baada ya siku chache mkono unaijua njia wenyewe.

Sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake, iwe na glovu za aunsi 16, bandeji za mita 4.5, na kinga ya meno iliyolainishwa kwa maji ya moto ikamkaa mdomoni. Raundi tatu za dakika 2 zinatosha, na za mwanzo ziwe za mkono wa mbele pekee. Usimweke mgeni na mkongwe bila wewe kusimama kando ya ulingo.

Kofia ya kinga inapunguza michubuko na mipasuko. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwenye kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kinachouma harudi ulingoni siku hiyo hata akiapa kuwa mzima. Aonwe na daktari. Kanuni za ndondi za ridhaa zinamtaka aliyeangushwa kwa kupigwa kichwani apumzike angalau siku 30, na ikitokea tena ndani ya miezi mitatu, siku 90.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya Charlie Mohr. Tarehe 9 Aprili 1960 bondia huyu wa Wisconsin aliumia kichwani kwenye fainali ya ubingwa wa vyuo, papo hapo Madison, akafariki tarehe 17. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ikaufuta mchezo. Mabingwa wa siku hiyo walikuwa chuo cha San Jose State, mara ya tatu mfululizo chini ya kocha Julie Menendez, ambaye mwaka huohuo aliiongoza timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Roma, Cassius Clay (baadaye Muhammad Ali) alipotwaa dhahabu ya kilo 81. Walikuwepo makocha wa daraja la juu kabisa, na bado ilitokea.

Uzito nao unaua. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili wapungue. Pima timu kila wiki, na anayehitaji kushuka apunguze chakula polepole kuanzia miezi miwili kabla. Kama hafiki, apande daraja la uzito wa juu.

Siku ya pambano, sekunde 60 za mapumziko ya kona kati ya raundi ni chache sana. Za mwanzo apumue, apate funda la maji, kisha mpe agizo moja tu; maagizo matatu hatakumbuka hata moja. Muulize jambo dogo, mfano raundi inayofuata ni ya ngapi. Akichelewa kujibu, au macho yake hayakufuati, mwite mwamuzi kabla kengele haijalia.