Chambo hai cha sangara: maswali yenu

Vipande vya samaki vipo, nihangaike na chambo hai kwa nini? (Mvuvi wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, Ukerewe)

Kwa sababu sangara ni mwindaji. Hufuata kinachotembea, na hata gizani huhisi mtikisiko wa samaki anayepapatika. Migonzo hutegwa jioni na kuteguliwa alfajiri. Chambo kikifa saa tatu usiku, usiku wako karibu wote umepotea.

Furu, samaki wadogo ninaowatumia kama chambo, hunifia kwenye ndoo kabla sijafika kilindini. (Musoma)

Umewajaza mno, na maji yamepata moto juani. Ukiona wanapanda juu na kutweta, hewa imekwisha. Wapunguze, funika ndoo kwa gunia bichi, na badili maji kidogo kidogo. Ukimwaga yote kwa mkupuo, mshtuko wa joto na baridi unawaua. Ndoo iliyowahi kutiwa sabuni usiitumie kabisa. Wengi siku hizi wamehamia kwenye vifaranga vya kambale, nami nawaunga mkono: kambale ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu, hivyo huishi kwenye maji machache ambamo furu hawezi.

Ndoano ipite wapi? (Sengerema)

Mgongoni, chini kidogo ya pezi la juu, kwenye nyama tu. Ukigusa uti, amekwisha. Lowanisha mikono kwanza, usimtoe ute unaomkinga. Kambale mshike nyuma ya kichwa. Miiba ya mapezi yake ya kifuani inachoma vibaya.

Jirani anavuta kokoro (wavu wa kukokota) ufukweni kutafuta chambo. Ni kosa? (Bukoba)

Ni kosa, na linaniuma. Kokoro limepigwa marufuku kwa sababu hupita juu ya mazalia na kuzoa kila kitu: sato wachanga, hata sangara wa kidole kimoja. Huyo sangara ndiye ungemvua akishafika sentimita 50 zinazoruhusiwa. Furu nao wameteseka vya kutosha. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Mwambie jirani anunue vifaranga kwa wafugaji wa kambale. Ni gharama, lakini ziwa halibebi tena chambo cha bure cha namna hiyo.

Vifaranga vya kambale vilivyobaki nivitie kwenye bwawa langu la sato?

Hapana. Wakikua watakula watoto wa sato. Watunze kwa mtego wa kesho, au wafanye kitoweo.