Matende: aliyevimba mguu siye anayewalisha mbu

Mtu mwenye matende huachiwa kona yake barazani, na kikombe chake hutengwa. Kikombe hakina kosa. Matende na mabusha hayaambukizwi kwa kugusana wala kwa kula pamoja. Huletwa na minyoo inayobebwa na mbu. Tena mara nyingi aliyekwisha kuvimba mguu hana hata kijiminyoo kimoja, yaani mtoto wa minyoo hiyo, kwenye damu. Anayewalisha mbu ni yule kijana mzima wa afya, anayecheza mpira jioni na kulala bila chandarua.

Minyoo iliyokomaa hukaa miaka mingi kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na majike huzaa vijiminyoo kwa maelfu. Mchana vijiminyoo hivyo hujificha kwenye mapafu. Usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, hujaa kwenye damu ya karibu na ngozi, wakati uleule mbu wanapouma. Ndiyo maana damu ya mchana ikipimwa kwa hadubini huonekana safi. Kipimo cha haraka cha kidole hakijali saa.

Minyoo ya matende ya pwani yetu haina mnyama mwingine wa kujihifadhi. Hakuna ng'ombe wala nyani wa kusingizia, ni sisi. Na tofauti na malaria, vijiminyoo haviongezeki ndani ya mbu: vikifyonzwa vitano, hukomaa vitano au pungufu, baada ya siku 10 hadi 14. Ukipunguza vilivyomo kwenye damu za watu, mbu anakosa cha kubeba.

Hiyo ndiyo kazi ya kingatiba, dawa wanayogawiwa wakazi wote, hata wasioumwa. Ivermektini, dawa ya kuua vijiminyoo, hutolewa kwa urefu: sentimita 90 hadi 119 kidonge 1, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, 159 na zaidi vinne, pamoja na kidonge kimoja cha albendazoli, dawa ya minyoo, cha miligramu 400. Wajawazito, wagonjwa mahututi, wanaonyonyesha ambao hawajatimiza wiki moja tangu kujifungua na watoto wasiofika sentimita 90 hawapewi. Meza palepale, mbele ya mgawaji. Kidonge cha "nitameza nyumbani" huishia kwenye droo.

Ukipata homa, kichwa au muwasho siku ya kwanza au ya pili, ni vijiminyoo vinavyokufa. Mwenye vingi ndiye anayeumwa zaidi, naye ndiye hutangaza mtaani kwamba dawa ni sumu! Minyoo mikubwa haifi yote, inaendelea kuzaa, kwa hiyo dawa hurudiwa kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5, na angalau asilimia 65 ya wakazi wote wawe wamemeza.

Usisahau choo cha shimo chenye maji, maana mbu wa Culex, aina mojawapo inayobeba minyoo hii, huzaliana humo. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vilimwagiwa chembe za polistireni, lile povu jeupe linalofungia televisheni mpya. Huelea juu ya maji, na viluwiluwi wakipanda kuvuta hewa hukuta mlango umefungwa.