Jibu kwa mleta uzi: usilipie hilo tela kabla mzigo wako haujapanda mzani

Usilipe hata shilingi. Na kama umeshatoa kianzio, kakidai leo leo kabla dalali hajabadilisha laini.

Umeandika kuwa umepata tela la mita sita, ekseli mbili, "linabeba tani tatu", na unataka kulivuta kwa Hilux likiwa na kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) mbele na kibanda cha kulala nyuma, uvuke nalo Pemba ukaweke kambi ya wageni upande wa Kigomasha. Ukauliza kama urefu unatosha, bei ni ya haki, meli inakuwaje na usajili unakuwaje. Maswali mazuri. Lakini lile lenye roho yako ndani yake hukuliuliza: mzigo wako una kilo ngapi? Na humu wameshakujibu "mita sita inatosha mkuu", "chukua, chuma cha zamani hicho hakifi". Hao hutawaona Mtambile, huko huko Pemba, siku ya kulinyanyua.

Mimi lilinilalia Mtambile. Mita sita, ekseli mbili, tani tatu, kirikuu mbele, kibanda nyuma. Kwa maelezo yako pengine ndilo hilo hilo, limenyooshwa likapigwa rangi, sishangai kabisa.

Mpangilio wenyewe najua ulikotoka, maana na mimi nilichorewa mchangani kwa kijiti. Kibanda kina miguu minne ya jeki. Ukifika ufukweni unateremsha miguu, unasogeza tela mbele, kibanda kinabaki kimesimama chenyewe, kisha kirikuu inashuka kwenye zile reli za nyuma unakwenda zako kuchota maji na kununua samaki. Gari moja, dereva mmoja, kila kitu juu. Ukiuona unahisi umezaliwa na akili kuliko wenzako wote wa mtaani. Mimi nilihisi hivyo mpaka tulipoteremka meli Mkoani, tukapanda kile kilima cha kutoka bandarini vizuri tu, nikawa napiga na mluzi.

Sasa hizi tani tatu. Nimekuja kuelewa baadaye, kwa hela yangu, kwamba mwenye kuuza tela akisema tani tatu huwa anasema kitu kimoja kati ya vitatu: ekseli zake zinaweza tani tatu, au tela pamoja na mzigo lisizidi tani tatu, au amelipenda neno. Langu lilikuwa la tatu. Tela lenyewe likiwa tupu lina uzito. Langu lilikuja kusoma kilo 740 bila hata kamba juu yake. Huo lazima uutoe kwanza kabla hujaanza kuhesabu kirikuu. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani tela ni kitu cha kubebea, nalo kumbe na lenyewe linabebwa.

Linabebwa na nini? Na tairi. Inama, yakhe, soma ubavu wa tairi. Baada ya vipimo vya ukubwa kuna namba mbili au tatu na herufi, kwa mfano 175/65R14 82T. Hiyo 82 si mapambo. Ni uzito ambao tairi moja imeruhusiwa kubeba: 82 ni kilo 475. 91 ni kilo 615. 102 ni kilo 850. Langu lilikuwa limevishwa tairi nne za mtumba za gari dogo, 82 zote. Zidisha mwenyewe: 475 mara nne ni 1,900. Toa 740 za tela lenyewe, unabaki na 1,160. Hiyo ndiyo "tani tatu" ya dalali.

Mzigo wangu? Kirikuu ilisoma 720. Kibanda aliyeniuzia alisema kina kilo 450, na wallahi hakudanganya, kikiwa kitupu. Lakini nani analala kwenye kibanda kitupu? Tangi la maji lita 150, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa gesi wa kilo kumi na tano, ambao ukijaa na chuma chake unakaribia thelathini. Betri mbili, friji, magodoro, jiko, masufuria ya mke wangu ambaye haamini kuwa kuna safari isiyohitaji sufuria la pilau. Kilifika 800. Jumlisha na kirikuu ni 1,520, na tela lenyewe, ni 2,260 juu ya tairi za 1,900. Nilikuwa nimezidisha kilo 360 kabla hatujang'oa nanga Malindi, bandari ya Unguja. Na hesabu hii yote nimeipata baadaye, kwenye mzani wa yadi ya chuma chakavu, siku niliyopeleka mabaki.

Lakini uzito peke yake pengine ungenifikisha Chake na tairi zimevimba. Kilichonimaliza ni mahali uzito ulipokaa.

Fundi aliyelichomea ekseli zile aliziweka katikati kabisa ya tela. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, akanijibu "katikati ndio usawa, sheikh". Nikaona sawa, katikati ni katikati. Kirikuu yangu ikapanda mbele. Kibanda chenye kilo 800 kikakaa nyuma, na ndani ya kibanda tangi la maji na friji vimefungwa ukuta wa mwisho kabisa. Kwa hiyo mkia ukawa mzito kuliko shingo. Pale tela linapokamata kirungu cha chuma nyuma ya Hilux, badala ya kukandamiza kwenda chini, likawa linavuta kwenda juu. Kamuulize mwenye gari la ng'ombe yeyote Pemba. Hata usimpe somo la fizikia. Akipakia matofali huyarundika kuelekea mbele kidogo, kwa sababu yakizidi nyuma miti ya mbele inanyanyuka inamkaba ng'ombe. Mtu ambaye hajawahi kumiliki leseni anajua, na fundi mwenye mashine ya kuchomea hajui!

Tela lenye mkia mzito halikwambii kitu ukiwa unapanda. Linasubiri uteremke. Tulipita Mtambile, barabara ikaanza kushuka na kona, mwendo ukaongezeka kidogo tu, nikaona kwenye kioo kibanda kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, kinakwenda kulia zaidi. Nikafanya ambacho kila dereva angefanya, nikakanyaga breki mpaka mwisho. Ndicho kitu kibaya kuliko vyote. Hilux ikapunguza, tela halikuwa na breki lake lenyewe, likaja kwa nguvu zote likiwa limeshapinda. Tairi la nyuma la kulia likapasuka, ekseli ikapinda, mkanda wa kirikuu ukakatika. Kirikuu ikashuka yenyewe, bila reli, kwa ubavu, ndani ya migomba ya watu.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Migomba iliumia. Mwenye shamba alikuja akiwa mpole sana, kaniletea hata maji, kisha akaanza kuhesabu mashina kwa sauti. Nikalipa migomba, nikalipa gari la kunyanyulia, nikalipa kijana wa kulala pale usiku kulinda kibanda, nikanyoosha kabini ya kirikuu ambayo mpaka leo mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya katani. Ukijumlisha yote, na tela nililouza kwa bei ya chuma, ningeajiri dereva wa pili wa kuendesha kirikuu kwa magurudumu yake yenyewe mwaka mzima na bado ningemnunulia kanzu ya Idi.

Dalali nilimpigia simu siku ile ile, nikiwa nimekaa juu ya tairi. Unajua alisema nini? "Ulipakia vibaya." Yeye aliyenichorea mchangani! Fundi naye akasema ekseli alizichomea alivyoambiwa na dalali. Dalali anasema fundi, fundi anasema dalali, na mimi katikati, ambako ndiko kwenye usawa.

Basi sikiliza, na kama utasoma aya moja tu isome hii. Pakia kila kitu kama unavyosafiri: maji yamejaa, gesi imejaa, masufuria yamo. Upeleke kibanda kwenye mzani, upeleke kirikuu kwenye mzani, ulipeleke tela tupu kwenye mzani. Usikubali uzito wa mdomoni wala wa kwenye karatasi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanayo mizani mikubwa na kwa hela ya chai watakupimia. Kisha chukua namba nne: tairi zote pamoja, ekseli, kibao cha tela chenye uzito wa mwisho kama kipo, na uwezo wa kuvuta ulioandikwa kwenye kitabu cha Hilux yako. Ile ndogo kuliko zote ndiyo yenye amri, na uzito wa jumla ukae chini yake ukibakisha nafasi. Kama muuzaji hataki tela liende mzani kabla ya kulipwa, ameshakujibu.

Pili, tela likiwa limepakiwa, shingo yake ikandamize kirungu kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wote, si chini, na si zaidi ya kumi na tano kwa mia. Kwangu mimi ingekuwa kilo 226 na kuendelea. Hupimi kwa macho. Azima mzani wa magunia, ule wa chini wanaopimia karafuu au mchele wa jumla, uweke chini ya shingo kwa kigogo kinachofikia kimo cha kirungu, tela likiwa limesimama sawa na tambarare, usome. Na uangalie kibao cha chuma cha kuvutia cha Hilux, nacho kina kikomo cha mkandamizo. Kama hesabu haitoki, hamisha mzigo, na kama haitoki bado basi ekseli zimekaa pabaya. Zinatakiwa ziwe nyuma ya katikati. Ukiangalia tela kwa ubavu ukaona ekseli ziko katikati kabisa, ondoka bila kuaga.

Kwa safari yako geuza huo mpangilio. Kibanda kitangulie mbele na kifungwe hapo hapo, wageni walale juu ya tela, hakuna dhambi. Kirikuu iwe nyuma, inapanda mwisho na kushuka kwanza, na hiyo ndiyo unayoihitaji itembee kila siku. Kirikuu za Japani urefu wake ni mita 3.4, kibanda chako umesema ni mita mbili na nusu, kwa hiyo kwenye mita sita unabaki na upenyo wa kiganja. Ndiyo, inatosha, kama ulivyouliza, ila hata jeneza linatosha.

Usidanganyike pia na yule aliyekwambia ukiweke kibanda juu ya kirikuu yenyewe. Vigari hivi kwao vimeruhusiwa mzigo wa kilo 350. Hema la turubai sawa. Kibanda cha 800, hapana.

Breki: kitabu cha Hilux yangu kinasema kilo 750 kwa tela lisilo na breki. 750! Tela langu tupu lilikuwa limeshafika huko peke yake. Kwa uzito wako lazima tela liwe na breki zake, zile zinazojibana shingo inaposukumwa zinatosha, mradi zifanye kazi kweli. Mwambie muuzaji alivute, akanyage breki, nawe uone magurudumu ya tela yanashika. Na likianza kuyumba njiani, mguu uondoe kwenye mafuta, shikilia usukani unyooke, breki ya gari iache. Najua mguu utakataa.

Tairi nunua mpya zenye herufi C, za gari za mizigo, 185R14C kwa mfano, nyingi ni 102. Bei yake itakuuma. Chuma kiwe kimechovywa zinki, si rangi tu, chumvi ya Kigomasha haina huruma na boliti za springi. Beringi zipakwe grisi kabla ya kuvuka.

Bei uliyotaja sijaitazama hata. Tupia hapa picha ya ubavu wa tairi zote nne za hilo tela, na picha moja ya tela zima kwa ubavu, nikuhesabie usiku huu.