Muulize Mwalimu: Mkutano ulifana, vijana bado wako kichochoroni

SWALI: Mwalimu, pokea salamu. Nauza mboga hapa Kayole, Nairobi. Kijana wangu wa kidato cha pili na wenzake hushinda kwenye kichochoro nyuma ya baa, hatua chache tu kutoka geti la shule. Huko bangi inauzwa, hata ile ya kuokwa ndani ya biskuti. Tulifanya mkutano mkubwa: chifu, pasta, MCA (mwakilishi wa wadi). Tukaletewa kijana aliyeacha unga (heroini), akasimulia mateso yake hadi tukalia. Mwezi umeisha, hali ni ileile. Tushirikiane na nani tena?
Mama Shiko

JIBU: Mama Shiko, kati ya wageni wenu hakuna anayepita kichochoro hicho saa tisa mchana. Wewe unapita. Wanapita pia watu wa bodaboda, dada wa duka la M-Pesa na keateka wa ploti. Mngeanza na hao, tena bila hema wala soda.

Kila mmoja apewe kazi moja anayoiweza. Mwenyekiti wa bodaboda akataze watu wake kumshusha pale mwanafunzi mwenye sare. Mwalimu wa darasa akiita majina asubuhi na kijana hayupo, ujumbe ukufikie kabla ya saa tatu, si siku ya mkutano wa wazazi. Na landilodi je? Nashangaa hakuna aliyemwalika. Kichochoro ni chake, na kodi ya baa anapokea yeye.

Kuhusu hiyo baa, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka iwe angalau mita 300 kutoka shule. Pimeni. Leseni za pombe, kwa mujibu wa Katiba, ni kazi ya kaunti. Chifu mlimdai kitu ambacho hana. Andikieni kaunti pingamizi, mwalimu mkuu atie sahihi na mhuri.

Yule kijana aliyeacha unga mwacheni apumzike. Viwango vya kimataifa vya kinga dhidi ya dawa za kulevya, vya UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) na WHO (Shirika la Afya Duniani), vya mwaka 2018 haviungi mkono ushuhuda wa namna hiyo: haujaonekana kuwakinga watoto. Waliolia ni nyinyi wazazi.

Sasa mwanao. Nyumba ni chumba kimoja, saa kumi jioni akae wapi? Ukumbi wa kanisa nao umefungwa Jumatatu hadi Jumamosi. Mwombe pasta ufunguo kabla ya kumwomba maombi. (Atanikasirikia, najua.)

Ukiona ameshaanza kutumia, piga 1192, laini isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uzungumze na mshauri kabla ya kufikiria polisi. Kijana akilala seli, hutoka na marafiki wapya.

Wauzaji usiwakabili mwenyewe. Landilodi mwendeeni watatu au wanne, mwalimu mkuu akiwemo, siku anayopita kukusanya kodi.